Kosa la Daktari, Tangu Babeli Hadi Ifakara

Sheria za Mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, zilimwekea daktari ujira na adhabu yake pamoja. Akimpasua mwungwana kwa kisu cha shaba na mtu huyo akapona, daktari atalipwa shekeli 10 za fedha. Mwungwana akifa, daktari atakatwa mikono. Akifa mtumwa, atalipa mtumwa mwingine. Fikra iliyomo ni nyepesi kueleweka: kosa lina mwenyewe, na mwenyewe akishaondolewa, kosa nalo limeondoka. Kukata mikono tumekuacha, ila fikra hiyo bado tunaishi nayo.

Baghdad ilipiga hatua mbele. Mwaka 931 Khalifa al-Muqtadir alipata habari kwamba mtu wa kawaida amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru mtu yeyote asitibu mjini mpaka apimwe na tabibu wake, Sinan ibn Thabit. Waliofika kupimwa walizidi 860, mbali na wale ambao umahiri wao ulikuwa umekwisha kujulikana. Wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kisa cha mzee mmoja nadhifu, mwenye haiba, aliyekuja mbele ya Sinan na dinari mkononi. Alikiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, ila ana familia na riziki yake ni hiyo kazi. Sinan akacheka, akamruhusu kwa masharti: asimtibu mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asimtoe mtu damu au kumpa dawa ya kuharisha isipokuwa kwa maradhi mepesi. Kesho yake akaja kijana. Umesomea kwa nani? Kwa baba. Baba yako nani? Yule mzee wa jana. Naye akaruhusiwa kwa masharti yale yale.

Kisa hicho kinachekesha, lakini kinaonyesha tofauti kubwa. Babeli ilimsubiri daktari akosee ndipo imwadhibu. Baghdad ilimwekea mipaka kabla hajakosea. Mabaraza ya madaktari na leseni zetu za leo yanafuata njia hiyo ya Baghdad. Hata hivyo, mtihani humzuia asiyejua. Mjuzi aliyekesha zamu, akaletewa mgonjwa asiye wake, mtihani haumsaidii kitu.

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Aliyekuja kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na mwenye matatizo ya kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki baadaye. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa aliyekuwa na uvimbe usiohitaji upasuaji alifunguliwa fuvu badala ya mwenzake mwenye damu iliyoganda ubongoni. Vitambulisho vyao vilikuwa vimepishana, na kosa likagundulika pale madaktari walipoitafuta ile damu wasiione. Katika miji yote miwili hatua ya haraka ilikuwa moja: wahusika wakasimamishwa kazi.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kulirudia. Sasa hapa nani amerudia? Waliokosea Dar es Salaam hawakuwapo Nairobi. Kilichorudia ni utaratibu wenyewe: mgonjwa anapita mikono mingi toka wodini hadi chumba cha upasuaji, na kila anayempokea anaamini aliyemtangulia amekwisha kuhakikisha. Ukimsimamisha kazi mtu mmoja katika msururu huo, msururu unabaki vile vile, ukimsubiri mwingine.

Uswidi ililiona hilo mapema, ingawa haikulimaliza mapema. Mwaka 1936 wagonjwa wanne wa hospitali ya Maria, Stockholm, walikufa baada ya kuchomwa dawa ya kuua vijidudu badala ya ganzi. Mwaka uliofuata ikatoka kanuni iliyobeba jina la hospitali hiyo, Lex Maria, inayolazimisha madhara makubwa ya tiba yaripotiwe serikalini. Mwaka 1975 ikaanza bima ya kumfidia mgonjwa bila kumtaka kwanza athibitishe uzembe wa daktari. Mwaka 2011 sheria mpya ikafuta maonyo ya kinidhamu kwa wahudumu, japo leseni ya aliye hatari bado inaweza kufutwa. Imechukua zaidi ya miaka 70 kufika hapo, na sababu haifichiki: mahali ambapo kusema ni kujitia kitanzi, hakuna atakayesema.

Njia ya nne imetoka kwa marubani. Oktoba 1935 ndege ya majaribio ya Boeing ilianguka Dayton, Ohio, ikiwa na rubani mzoefu, kwa sababu kufuli la mitambo ya mkiani halikufunguliwa kabla ya kuruka. Jawabu lilikuwa orodha fupi ya mambo ya kuhakikisha kabla ya safari. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya namna hiyo kwa ajili ya upasuaji, yenye mambo 19 na vituo vitatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Kwa jumla ya hospitali hizo, matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Ila karatasi peke yake haitibu. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipoilazimisha orodha hiyo katika hospitali zake, utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Kuweka alama kwenye visanduku ni rahisi kuliko kusimama na kuulizana.

Kwetu sisi, kuulizana huko kunagongana na heshima. Mgonjwa anaulizwa, "Wewe ndiye Juma?" Naye, kwa woga na kwa adabu, anajibu, "Ndiyo, daktari," hata kama hakusikia vizuri. Swali la salama halimpi nafasi ya kuitikia tu: "Jina lako kamili nani? Leo unafanyiwa nini, na upande upi?" Hili si geni kwetu. Mgeni akifika kijijini na jina moja haachwi hivyo hivyo. Ataulizwa baba yake nani, babu yake nani, na ametokea wapi, mpaka ajulikane. Ajabu ni kwamba wazee waliokuwa makini hivyo kwa mgeni wana wajukuu wanaompeleka mtu kwenye kisu kwa jina la kwanza.

Heshima hiyo humfunga pia sista anayeona pamba moja imepungua huku daktari bingwa akianza kushona. Ndiyo maana orodha inataka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake kabla ya kuanza: aliyekwisha kufungua kinywa mara moja, mara ya pili haimwii vigumu.

Kila njia kati ya hizi ina mahali pake. Adhabu imfuate anayekuja kazini amelewa, au anayeghushi faili kuficha alichofanya. Mtihani umzuie asiyesomea. Kwa makosa mengine, ya watu wema wanaofanya kazi wakiwa wachache usiku wa manane, tunahitaji ripoti isiyomponza aliyeileta na vituo vinavyoheshimiwa hata na bingwa. Na bodi ya hospitali ikiletewa taarifa ya mwaka mzima isiyo na kosa hata moja, wala lililozuiwa dakika ya mwisho, isipige makofi. Iwaulize wauguzi wa zamu ya usiku, meneja akiwa nje ya chumba.