Nani Mwenye Swali? Usemezano na Teolojia katika Mwambao wa Kisumu

Katekisimu ni utanzu ambao wahakiki wa fasihi za Afrika Mashariki wameupuuza, ingawa ni machache mno maandishi yaliyokaririwa na watu wengi kuliko hayo. Kwa umbo lake katekisimu ni mazungumzo: swali, jibu, swali, jibu. Lakini anayeuliza anajua jibu tayari, na anayejibu hana ruhusa ya kuuliza. Makala haya yanafuatilia umbo hilo katika mwambao wa Kenya wa Ziwa Viktoria, hasa Kisumu na viunga vyake. Aghalabu husemwa kwamba teolojia ya wasomi iliwafikia waumini wa kawaida kwa kurahisishwa. Inadaiwa hapa kwamba jambo lililogombewa lilikuwa jingine, nalo ni haki ya kuuliza.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka nje ya mwambao huu, lakini msimulizi wake aliwahi kuwa mkazi wa Kisumu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Okot p'Bitek alifanya kazi mjini humo katika elimu ya watu wazima iliyoendeshwa na chuo kikuu cha Nairobi, na mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa ambalo bado linakumbukwa. Katika kitabu chake African Religions in Western Scholarship anaeleza jinsi mapadre wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Kiacholi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Dholuo, hakikuwa na dhana ya kuumba iliyojitenga na kufinyanga. Basi swali likawa: ni nani aliyewafinyanga? Swali hilo nalo halikuwa na maana, kwani watu huzaliwa na mama zao, na wazee wakajibu kwamba hawajui. Walipozidi kubanwa, mmoja wao akakumbuka kwamba mwenye kibiongo husemwa amefinyangwa na Rubanga. Mapadre wakaondoka na jina hilo, na Rubanga akahubiriwa kuwa ndiye Mungu Muumba.

Okot hakuwa mtu wa kuogopa kutia chumvi, na kisa hiki kimesukwa ili kichekeshe na kuudhi kwa pamoja. Hata hivyo, hoja iliyomo haidhoofiki kwa sababu hiyo. Wazee wale walijibu sawasawa tangu mwanzo: hawakujua. Kilichokosekana ni nafasi ya mzee mmoja kuuliza, naye kwa zamu yake, "Mnakusudia nini mnaposema kuumba?" Swali hilo lingewalazimisha mapadre kueleza fundisho zito la wanateolojia wao, la kuumba pasipo kutumia kitu chochote, kwa lugha ya wafinyanzi. Hawakuulizwa, nao hawakueleza.

Katika upande wa Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, waongofu wa mwanzo hawakuitwa waumini. Waliitwa josomo, yaani wasomaji, kwa kutofautishwa na jopiny, watu wa nchi. Shule ya Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906 na J. J. Willis wa Church Missionary Society ilikuwa kiwanda cha wasomaji hao. Jina lenyewe lilikuwa na hatari kwa waliolitoa, kwani msomaji, tofauti na mkariri, anaweza kufungua ukurasa asioelekezwa.

Yafaa pia itajwe kwamba Kiswahili kilikuwa na sehemu yake katika jambo hili, japo Dholuo ndiyo iliyokuwa lugha ya ibada. Roho Mtakatifu kwa Dholuo ni Roho Maler: nusu ya jina ni ya Kiswahili, nusu ya Dholuo. Neno roho lilifika ziwani likiwa geni, halijafungamana bado na imani za mababu, na kwa hiyo lilikuwa chombo kitupu kilichongoja kujazwa. Waliolijaza hawakuwa wafasiri. Walikuwa wafuasi wa Alfayo Odongo Mango, ambaye vuguvugu lake lilijulikana kwa jina hilohilo la Roho, na ambaye aliuawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake huko Musanda mnamo Januari 1934, nyumba ilipotiwa moto katika ugomvi uliochanganya dini na ardhi. Teolojia ya Roho Mtakatifu ilijadiliwa huko kwa nyimbo, maono na damu, mbali na chuo chochote.

Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno, aliuliza kwa njia ya utulivu zaidi. Aliyaacha majina yake ya ubatizo, na katika Not Yet Uhuru (1967) anasimulia alivyovutana na viongozi wa kanisa alipotaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Wengi huisoma sehemu hiyo kama ukurasa wa siasa ya utaifa. Kwa kweli ni ukurasa wa teolojia pia. Odinga alitaka kuambiwa ni kitu gani ndani ya jina "Obadia" ambacho maji ya ubatizo yanakihitaji.

Tukio lililo kiini cha historia hii, hata hivyo, ni la miaka ya 1950. Agano Jipya kwa Dholuo lilikuwa limechapishwa mwaka 1926. Biblia nzima ikatoka mwaka 1953. Miaka minne baadaye Abednego Matthew Ajuoga, kasisi wa Kianglikana, alijitenga pamoja na maelfu ya waumini na kuasisi Church of Christ in Africa. Wafuasi wake wanajulikana kwa jina la Johera, watu wa upendo, na makao yao karibu na Kisumu huitwa Dala Hera, nyumba ya upendo. Kwa mujibu wa maelezo yao wenyewe, walipoisoma Biblia kwa lugha yao walikutana na upendo wa kindugu ambao hawakuwa wameuona kwa wamisionari walioileta.

Kigiriki cha Agano Jipya kina agape na kina philadelphia, na wanafunzi wa teolojia hutumia saa nyingi kutenganisha upendo huu na ule. Dholuo ina hera. Ni neno la mama na mtoto, la mume na mke, la rafiki na rafiki. Mchuuzi wa samaki analitumia bila kumwomba mtaalamu ruhusa. Mwanaisimu atasema kwamba hapo tofauti imepotea, naye atakuwa amesema kweli. Lakini agape inaweza kubaki fundisho ambalo ni msomi tu awezaye kuamua kama limetimizwa. Hera, kila mtu anajua kama ameipata au ameikosa. Kwa neno hilo moja fundisho kuu la Ukristo liligeuka kuwa swali, na swali hilo sasa lilielekezwa kwa mwalimu: mbona hamtupendi?

David Barrett, mmisionari aliyekuwa mhandisi wa ndege kabla ya kuja Nyanza, alilichunguza kundi hili kwa karibu. Katika Schism and Renewal in Africa (1968), kitabu kinachopitia vuguvugu zipatazo 6,000, aliihesabu tafsiri ya Biblia kuwa miongoni mwa sababu kubwa za kujitenga. Hoja yake ina nguvu, ila ina kasoro ambayo mwanafasihi hawezi kuifumbia macho: inakichukulia kitabu kana kwamba kinajisoma. Kabla ya 1953 Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulikuwa umekwisha kuwazoesha watu wa Nyanza kukutana katika vikundi, kuungama hadharani na kupimana maneno, hata wakagawanyika kuwa Joremo, watu wa damu, na Johera. Mazungumzo yalitangulia. Biblia ilipokuja nzima iliwakuta watu waliokwisha kujifunza kuulizana. Takwimu haziwezi kuonyesha jambo hilo. Wala haifai kusahau kwamba kanisa lililozaliwa na swali nalo lilijiwekea maaskofu.

Kanisa Katoliki lilifika kwenye usemezano kwa njia nyingine. Marie-France Perrin Jassy, katika utafiti wake kati ya Waluo wa Mara Kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, aliona katika miaka ya 1960 jinsi vikundi vidogo vya waumini vilivyobeba uhai wa dini kuliko parokia yenyewe. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1973. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA waliifanya jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika nchi zao. Njia inayotumiwa sana katika jumuiya hizo ni ile ya hatua saba, iliyotungwa katika Taasisi ya Lumko nchini Afrika Kusini: Injili husomwa, neno moja huchaguliwa na kurudiwa, watu hukaa kimya, kisha kila mmoja husema lililomgusa. Ni maendeleo makubwa kutoka katekisimu. Hata hivyo, hatua saba nazo zinaweza kukaririwa, na kikundi chenye kiongozi mwoga kitazimaliza zote saba bila mtu hata mmoja kuuliza kitu.

Swali gumu kuliko yote ziwani limekuwa lile la ndoa ya wake wengi. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1888 uliamua kwamba mume wa wake wengi asibatizwe. Huko Nyanza uamuzi huo ulikuwa na maana moja tu nyumbani: akitaka ubatizo, aachane nao, abaki na mmoja. Mkutano wa mwaka 1988, kwa juhudi ambazo Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa mstari wa mbele, ulikubali abatizwe pamoja na wake zake walioamini, mradi asioe tena, na ukatamka kwamba asilazimishwe kumwacha yeyote, kwa sababu ya dhiki ambayo mwanamke huyo angeipata katika jamii. Swali la mke wa pili, "Nami niende wapi?", lilihitaji miaka 100 kufika kwenye azimio, na hata hapo liliandikwa na wanaume. Swali la mjane kuhusu tero, desturi ya kurithiwa na ndugu wa marehemu, bado linaulizwa katika jumuiya za Kisumu, kwa Dholuo na kwa Kiswahili, na aghalabu huulizwa baada ya sala ya mwisho, viti vikiwa vinarudishwa ndani.