Mtemi wa Usiha katika baraza la gavana

Usukumani, ukoo wa kitemi ulikuwa na warithi wengi, lakini aliyekalia kiti alichaguliwa na banang'oma, wazee wa ngoma ya utawala. Cheo chenyewe kinatokana na kutema, yaani kukata: mtemi alikata pori, akakata na mashauri. Makao yake yaliitwa ikulu, neno ambalo leo taifa zima linalitumia kwa makao ya rais.

Mwaka 1945 mtemi mmoja kijana wa Shinyanga alipewa kiti ambacho banang'oma hawakuwa na kauli juu yake. Kidaha Makwaia wa Usiha, msomi wa Makerere mwenye umri wa miaka 23, aliteuliwa na serikali kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika pamoja na Abdiel Shangali wa Machame. Baraza hilo lilikuwepo tangu 1926, na hao ndio Waafrika wake wa kwanza.

Huko Uingereza, mkoloni alikotoka, kazi ya kuwasemea wengine ilikuwa ya kale. Karibu kila jimbo lilipeleka bungeni makabaila wawili, wapiganaji wa kupanda farasi. Mwaka 1376 walimsimamisha mmoja wao, Peter de la Mare wa Herefordshire, awe msemaji wao, na kutoka hapo kikakua cheo cha spika. Aliwashtaki hadharani wakubwa waliokula fedha za ufalme. Kabla mwaka haujaisha, yuko kifungoni Nottingham.

De la Mare alisema kwa kutumwa na wenzake. Kidaha alikuwa amesimama mahali pagumu zaidi.

Miaka hiyo serikali iliwabana Wasukuma kwa amri: lima matuta, punguza ng'ombe. Aliyekaidi alitozwa faini kwenye baraza la mtemi wake mwenyewe, si la mzungu. Chuki ikawageukia watemi. Mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kulipinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, na serikali ikalazimika kuliacha.

Kidaha, aliyeingia pia katika Tume ya Kifalme ya ardhi na idadi ya watu ya 1953 hadi 1955, alikuwa rafiki wa Nyerere. Hata hivyo, baada ya uhuru serikali mpya ilifuta utemi, naye akapelekwa kuishi Tunduru, kusini kabisa, mbali na ng'ombe na ngoma za Usiha. Alifariki mwaka 2007.

Kiti cha spika jijini Dar es Salaam, tangu 1962, alikikalia mtawala mwingine wa jadi: Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe.