Mafundi wa Punjab katika Nchi ya Chai

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulipoanza Mombasa mwaka 1896, sheria ya uhamiaji ya India ilirekebishwa ili kuruhusu wafanyakazi wa mkataba, yaani watu waliojifunga kwa maandishi kutumika miaka mitatu kwa ujira uliokubaliwa, wasafirishwe hadi Afrika Mashariki. Miongoni mwa watu wapatao 32,000 walioandikwa, wengi wao kutoka Punjab, walikuwamo maseremala, waashi na wahunzi wa Kisingasinga, ambao Wakenya huwaita makalasinga, hasa wa jamii ya Ramgarhia iliyorithishana kazi hizo kwa vizazi vingi.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikapita Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, na kutoka stesheni hiyo mizigo ya Kericho ilipandishwa milimani kwa magari ya ng'ombe. Kazi ya fundi wa magari hayo haikuwa ndogo, kwani gurudumu la mbao lilivishwa pete ya chuma iliyopashwa moto hadi ikatanuka, kisha ikamwagiwa maji ili inywee na kuzibana mbao zisiachane. Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipopanda chai Kericho katika miaka ya 1920, kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis, mahitaji ya ufundi yaliongezeka, naye Puran Singh, aliyekuja Kenya akiwa kijana, akawa miongoni mwa waliojulikana kwa kazi hiyo mjini humo.

Uhuru wa mafundi hao wa kufanya kazi zao haukutokana na ukarimu. Sheria ya Punjab ya mwaka 1900 ilizizuia jamii zisizohesabiwa kuwa za wakulima, kama Ramgarhia, kujinunulia mashamba ya wakulima, na huku Kenya sera aliyoithibitisha Lord Elgin, waziri wa makoloni wa Uingereza, mwaka 1908 iliwatengea Wazungu ardhi ya nyanda za juu; fundi akaachiwa nyundo na randa kwa kuwa walowezi hawakuzitamani. Mwafrika naye alisubiri hadi mwaka 1924 ndipo serikali ikaanzisha chuo cha ufundi Kabete.

Mlango wa kazi hizo kwa mafundi wa Kihindi ulianza kufungwa mwaka 1967, sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara zilipowabana wasio raia, na mwaka uliofuata Uingereza nayo ikawawekea vizuizi wenye pasipoti zake waliotoka Afrika Mashariki. Puran Singh, aliyeitwa Kerichowale, yaani mtu wa Kericho, alihamia Uingereza na kufariki mwaka 1983, akiwa ameacha Birmingham jumuiya ya kidini ambayo baadaye ilijenga hekalu kubwa la Masingasinga mjini Kericho.