Nani Aliyezitunza Barua za Keya?

Nairobi kuna Kariokor, Dar kuna Kariakoo. Majina yote mawili yalitokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sisi wa Isiolo hatuna jina kama hilo, lakini mji wenyewe ulijengwa na maaskari. Baada ya vita hivyo, Waingereza waliwaruhusu wanajeshi wastaafu wa Kisomali kukaa hapa. Vita vya Pili vilipokuja, malori ya jeshi yalipitia hapahapa kwenda kaskazini kupigana na Waitalia. Ndiyo maana, nikiwa Bulla Pesa, swali hili haliniachi: wale vijana waliwaandikia watu wao nini?

Zaidi ya Waafrika 90,000 kutoka Kenya waliingia jeshini katika vita vya pili. Kuna waliojitolea, na kuna waliopelekwa kwa sababu chifu alitakiwa kutoa watu. Wengi walipelekwa mbali kweli. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya Keya, yaani King's African Rifles, ilivuka bahari hadi Ceylon mwaka 1943. Mwaka uliofuata ikaingia Burma, ikapita bonde la Kabaw katikati ya mvua na matope hadi mto Chindwin.

Sasa fikiria kijana yuko huko na hajui kuandika. Anamwambia mwenzake amwandikie. Barua inafika kwa mkaguzi wa jeshi, naye anaisoma yote. Ikifika nyumbani, mama naye hajui kusoma, basi anaitwa karani au mtoto wa shule. Utamwambiaje mkeo kwamba unaogopa, wakati watu watatu wako katikati yenu?

Hata hivyo waliandika. Walilalamika kuhusu mshahara. Waliuliza habari za ng'ombe, mashamba na wake zao. Waliuliza kwa nini Mzungu wa cheo kilekile anapata zaidi. Mkaguzi aliyanakili maneno hayo, akayatafsiri kwa Kiingereza na kuyapeleka kwa wakubwa wake, ili wajue askari wanawaza nini.

Hapo ndipo roho yangu inaposumbuka. Karatasi iliyofika nyumbani iliachiwa mchwa na mvua. Ripoti ya mkaguzi iliwekwa kwenye faili, na leo wanahistoria wanaisoma. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu mawazo ya askari hao yametufikia kupitia aliyekuwa akiwapeleleza.

Sauti nazo ni hivyohivyo. Kati ya 1915 na 1918, wataalamu wa Ujerumani waliwarekodi wafungwa wa vita kwenye makambi, wakiwemo watu wa makoloni. Mall Singh, askari wa Kihindi, alirekodiwa Desemba 1916. Alizungumzia siagi aliyokuwa akila kwao, na hamu yake ya kurudi. Wataalamu walitaka lugha yake tu. Yeye alitaka kwenda nyumbani.

Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa Burma pia. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1967 anasimulia jinsi askari Mwingereza alivyomshangaa: kwa nini Mwafrika apiganie milki ya Uingereza badala ya kujikomboa? Jambo kama hilo hungelipitisha mbele ya mkaguzi. Alilisimulia mwenyewe, miaka zaidi ya 20 baadaye, nchi ikiwa huru.

Isiolo bado ni mji wa jeshi, na vijana bado wanaondoka. Siku hizi hawahitaji mwandishi, wanatuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Lakini simu ikianguka majini, ni nani atakayekuwa na nakala? Kama ndugu yako yuko kazini huko, hifadhi sauti zake mahali pengine, leo. Na kama nyanya yako ana sanduku la bati chini ya kitanda, muombe mlifungue pamoja kabla mchwa hawajalifungua.