Jinsi Wadogo wa Nyanza Kusini Walivyopata Skafu

Mtoto wa miaka sita akionekana Homa Bay au Migori siku ya Sabato, amevaa sare na skafu shingoni, huenda ni wa klabu ya Adventurer ya Waadventista wa Sabato. Kaunti hizi mbili zamani zilikuwa chini ya wilaya moja, Nyanza Kusini, na ili kuelewa kwa nini sare ya kanisa imezoeleka huko, hatuna budi kuanza mbali kidogo.

Novemba 1906, Arthur Carscallen, mmisionari kutoka Kanada, na Peter Nyambo, kijana wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walifungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay. Mahubiri yao yalikwenda pamoja na shule, kwa sababu muumini alitakiwa aisome Biblia mwenyewe. Vituo vikaongezeka: Wire, Kanyadoto, Karungu, na Kamagambo, ambayo leo iko Migori. Wanafunzi wa misheni walianza kuvaa nguo za kitambaa, na majirani wakawatambua kwa mavazi hayo kabla hawajafungua kinywa. Mtu akijiunga, alionekana. Naona jambo hilo lina uzito katika habari hii, ingawa nguo zile hazikuwa sare.

Sare zenyewe zilitoka kwingine. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipiga kambi yake ya kwanza katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, na uskauti ukaingia Kenya mwaka 1910. Kambi ile ilikuwa ya wavulana waliokwisha kukua kidogo. Wadogo zao nao wakawa wanawafuata, wanaiga gwaride lao na kudai nafasi, hata mwaka 1916 Baden-Powell akawaanzishia kundi lao wenyewe. Nchini Kenya skauti wa umri huo huitwa Sungura.

Waadventista walipita njia hiyohiyo, ila walichelewa. Klabu za Pathfinder zilichipuka California, na mwaka 1950 makao makuu ya kanisa yakaziidhinisha kwa watoto wa kuanzia miaka 10. Waliokuwa chini ya umri huo walingoja mpaka mwaka 1991, Adventurer ilipokubaliwa kuwa klabu ya ulimwengu mzima.

Kwa nini mlango ulifunguliwa kwa wadogo? Wapo wanaosema watoto wenyewe waliusukuma: anayemwona kaka yake akienda kambini hatulii nyumbani. Wengine wanasema kanisa ndilo lililoona kwamba miaka 10 ni kuchelewa, kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Maelezo haya mawili hayapingani. Hamu ya mtoto humleta kwenye klabu, lakini hamu haiandiki mtaala wala haiteui walimu. Kwa hiyo uamuzi wa mwaka 1991 nauhesabu zaidi kuwa kazi ya wakubwa.

Hata hivyo, uamuzi wa makao makuu pekee hautoshi kueleza Nyanza Kusini. Huko klabu haikuanza na ardhi tupu. Ilikuta familia ambazo babu na nyanya walisoma shule za misheni, Shule ya Sabato yenye madarasa ya watoto, na kaka na dada waliokwisha kuvaa sare ya Pathfinder. Mzazi wa namna hiyo hakuhitaji kushawishiwa sana, na mtaala wenyewe unamtaka ashiriki. Mtoto hujifunza ahadi na sheria ya klabu, hutimiza masharti ya darasa lake, kisha huvishwa skafu mbele ya kanisa.

Madarasa hupangwa kwa umri. Mwanzoni yalikuwa manne, kuanzia Busy Bee, la miaka 6, hadi Helping Hand, la miaka 9. Baadaye yakaongezwa mengine mawili chini yake, na sasa Little Lamb huwapokea watoto wa miaka 4, ambao bado hawajajua kusoma, na ambao masomo yao ni hadithi, nyimbo na michezo.