Jinsi ya kupunguza kelele unaporekodi sauti kwa kompyuta

Saa sita na saa tisa zinapishana kwa saa tatu, lakini kwenye rekodi yenye kelele maneno "sita" na "tisa" hufanana sana. Tangazo likisema mtumbwi uliondoka Ukara saa tisa na haujafika Kayenze, hatuwezi kulirusha hewani kwa kubahatisha. Ndiyo maana tunawaeleza wasikilizaji wetu, hasa vikundi na shule zenye kompyuta, namna ya kupata sauti safi. Mengi kati ya haya yanafaa pia kwa anayerekodi kwa simu.

Kelele zinatoka wapi?

Kuna kelele za aina tatu. Ya kwanza ni ya mazingira: upepo wa ziwani, mvua juu ya bati, injini ya mtumbwi, jenereta ya jirani, vyura usiku.

Ya pili ni mvumo mzito, "mmmm". Huu hutokana na umeme, ambao hapa Tanzania hubadilika mara 50 kwa sekunde. Waya wa maiki ukilala karibu na chaja au waya wa umeme, huudaka mvumo huo.

Ya tatu ni "shhhh". Hii hutoka ndani ya kompyuta yenyewe, na huongezeka msemaji anapokaa mbali na wewe ukapandisha kiwango cha maiki ili asikike.

Kabla ya kurekodi

Sogea karibu. Shibiri moja kutoka mdomoni hadi kwenye maiki inatosha. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayofika kwenye maiki hupungua hadi kama nusu, lakini kelele inabaki palepale. Weka maiki pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ya herufi "p" na "b" isiipige.

Chagua saa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja pwani. Mara nyingi asubuhi na mapema huwa shwari zaidi. Mvua ikianza kupiga bati, subiri ipite.

Chagua chumba. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji hutoa mwangwi. Chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa hunyonya sauti. Zima feni na redio, funga dirisha.

Chomoa chaja. Kama betri ina chaji, rekodi kwa betri. Mvumo ukiisha, umeshajua ulikotoka.

Tumia maiki ya nje. Maiki iliyojengwa ndani ya kompyuta mpakato husikia pia feni yake na vidole vyako kwenye kibodi. Maiki ya USB mara nyingi huwa na "shhhh" ndogo, kwa kuwa haitegemei kadi ya sauti ya kompyuta.

Pima kiwango. Ongea kama utakavyoongea kwenye rekodi. Sauti ya juu kabisa ifike kati ya -12 na -6 kwenye kipimo cha desibeli. Ikigonga 0 inapasuka, na haitengenezeki tena.

Baada ya kurekodi

Audacity ni programu ya bure iliyotolewa mwaka 2000. Inaweza kupunguza "shhhh" ukifanya hivi:

1. Kabla ya kusema, acha sekunde 5 za kimya kwenye rekodi.
2. Chagua kipande hicho, fungua Effect, kisha Noise Reduction, bonyeza Get Noise Profile.
3. Chagua rekodi yote, rudi Noise Reduction, weka kiwango kidogo, kisha bonyeza OK.

Usizidishe. Herufi "s", "sh" na "f" zenyewe ni pumzi zinazofanana na "shhhh". Programu ikiondoa kelele kwa nguvu, inazila na herufi hizo, na sauti huwa kama inatoka ndani ya maji. Hapo "sita" na "tisa" zinapotea tena.

Kutuma

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa ili upite haraka. Rekodi ya kompyuta itume kama faili kwa kuchagua "Document". Isikilize kwanza kwa spika za masikioni. Na kama kuna saa, bei au jina la kijiji, litaje mara mbili na uliandike pia chini ya faili.