Unataka diskasi kwa keja yako Ramisi? Anza na maji, rangi baadaye

Diskasi ni yule samaki bapa kama sahani, ukimwona kwa simu unasema huyu lazima aingie kwa keja. Poa. Lakini huyu si samaki wa kurushwa kwa jagi. Ni wa bei, na ukikosea maji anadedi ndani ya siku chache na doh yako inaenda naye. Kama uko Ramisi, Msambweni ama Diani, kuna vitu viko upande wako na vingine vitakutesa. Soma hii kabla hujatuma pesa.

Kwao ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini. Wanasayansi wanamwita Symphysodon, na Heckel ndiye alimwandika mara ya kwanza, 1840. Maji ya huko ni moto, laini, yana asidi kidogo, na sehemu nyingi yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya majani yanayooza. Shika hiyo picha kichwani.

Joto analotaka ni nyuzi 28 hadi 30. Msee wa Nairobi anachoma stima na hita mwaka mzima kufika hapo. Wewe wakati wa kaskazi unalipata bure, shida yako ni lisizidi. Maji yakifika 32 na kupanda, oksijeni inapungua na samaki wanaanza kuhema juu juu. Toa tanki mbali na dirisha, elekeza feni juu ya maji, ongeza pampu ya hewa. Hita inunue tu, lakini kazi yake kubwa itakuwa usiku wa Juni hadi Agosti, kusi ikivuma.

Sasa maji, na hapa ndipo wengi wanaumia. Ukanda wa karibu na bahari umekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo ni chokaa. Maji ya kisima yakipita humo yanabeba chokaa. Ndiyo yale sabuni inakataa kutoa povu na birika linashika ukoko mweupe. Diskasi waliozaliwa kwa matanki wanaweza kuvumilia ugumu wa kiasi ukiwazoesha polepole, ila wakitaga, mayai mengi huharibika. Na kama maji ya kisima chenu yana ladha ya chumvi, hayo achana nayo kabisa.

Dawa iko juu ya mabati yako. Maji ya mvua ni laini. Masika ikianza, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, halafu kinga ndani ya pipa safi lenye kifuniko. Usiyatumie peke yake, maana hayana madini karibu yote na pH inaweza kuporomoka ghafla. Changanya nusu kwa nusu na ya kisima, pima, kisha rekebisha. Ya bomba yakiwa na klorini, yaache ndooni siku nzima wazi, ama tia dawa ya kuiondoa.

Usibebe mawe wala mchanga wa ufuoni kupamba tanki, hata kama yanapendeza aje. Yamejaa chokaa ya matumbawe na makombe. Una shaka na jiwe? Lidondoshee siki. Likitoa mapovu, lirudishe ulikolitoa. Badala yake okota majani makavu ya mkungu, yale yaliyoanguka yenyewe. Suuza, tumbukiza moja kwa kila lita 40 hivi. Wafugaji wa samaki duniani kote wanayanunua kwa pesa, wewe unayafagia uani kila asubuhi. Yatapaka maji rangi ya chai na kuyavuta kidogo upande wa asidi. Usitarajie tu jani lishinde chokaa ya kisima.

Tanki liwe la lita 200 na zaidi, kwa sababu diskasi wanakaa kikundi. Weka watano ama sita. Ukiweka wawili, mmoja atamnyanyasa mwenzake hadi agome kula. Na liendeshe na filta wiki nne hadi sita kabla hawajaingia, ukitia chakula kidogo kioze, ili bakteria wa kumeza amonia wazaliane. Pima. Amonia na nitriti zikisoma sufuri, sasa ita samaki. Ukipata kipande cha sponji ya filta ya rafiki ambaye samaki wake wako fiti, muda huo unapungua.

Siku ya kununua, rangi iangalie mwisho. Angalia jicho. Likiwa kubwa kuliko mwili unavyostahili, huyo alidumaa na hatakua tena vizuri. Umbo liwe duara, si refu kama yai. Paji la uso likiwa limekonda, pita. Mashavu yote mawili yapumue, maana anayetumia moja mara nyingi ana vimelea kwa matamvua. Kinyesi cheupe kama uzi ni alama mbaya ya tumbo. Aliyejikunja kona, mweusi tii, usimwonee huruma kwa pesa yako. Na mdogo mwenye rangi kali kupita umri wake, shuku homoni. Mwambie muuzaji awalishe ukiona. Akikataa, jibu umeshapata. Ukifika nyumbani, hao wageni wakae tanki lao wiki nne kabla ya kuchanganywa na wengine.

Chakula: kamba wabichi waliomenywa na kusagwa wanafaa, na kwenu si shida kupata. Moyo wa ng'ombe uliotolewa mafuta pia, ila unachafua maji haraka. Badilisha robo ya maji kila wiki angalau, na wadogo wanaokua wanataka zaidi ya hapo. Stima ikipotea, pampu ya betri ndiyo itakuokoa. Usiwalishe wakati huo.

Na kama mfuko haujaruhusu, kuna mzaliwa wa hapa. Nothobranchius palmqvisti, samaki mdogo wa rangi kali aliyeandikwa 1907, anaishi kwa madimbwi ya mvua ya pwani ya kusini ya Kenya hadi kaskazini mashariki mwa Tanzania. Dimbwi likikauka wakubwa wanakufa, lakini mayai yanangoja ndani ya tope hadi mvua irudi. Tanki la lita 20 linamtosha dume mmoja na majike wawili ama watatu. Anapenda chakula kinachotembea. Chota wachache tu, na usiwahi kumwaga diskasi wala samaki yeyote wa dukani kwa dimbwi lake ama kwa mto Ramisi.